Asilimia 97.4 isiyowezekana

Wodi ya watoto, saa nne asubuhi, mwezi Machi. Dar es Salaam inasubiri masika, na hewa imebeba maji hadi shati linaganda mgongoni kabla hujanywa chai. Fundi wa vifaa tiba amechuchumaa kando ya konsentreta ya lita 5, mashine inayompa mgonjwa oksijeni kutokana na hewa ya chumba. Mtoto aliyekuwa akiitumia amehamishiwa kwenye mtungi kwa dakika chache. Fundi anachomoa mpira, anachomeka kipima oksijeni, anasubiri. 88. 93. 96. Namba inatulia: 97.4.

"Sista, hii ndiyo nzima kuliko zote humu."

"Afadhali. Ile ya dirishani imelia usiku kucha, tukaishia kuizima."

Anaandika 97.4 kwenye daftari, anabandika stika ya kijani, anaisogelea ile ya dirishani. Inasoma 84.5. Kikomo cha chini ni 82. "Hii nayo inafaa," anasema. "Alamu yake ndiyo imechoka." Stika nyingine ya kijani.

Kila mtu pale alifuata utaratibu. Kipima oksijeni kilikuwa kimekalibrishwa, yaani kuwekwa sawa kwa gesi inayojulikana, asubuhi ile ile, palepale wodini, kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Ila konsentreta haiwezi kutoa asilimia 97.4.

Namba hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Vipimo hukosea, hilo nimelizoea. Kosa hili lilipokelewa kwa furaha, na hapo ndipo nilipokosa raha.

## Argoni

Konsentreta haiongezi oksijeni hata punje. Inaondoa naitrojeni: kompresa inasukuma hewa kwenye silinda yenye chembe za zeolaiti, zeolaiti inaikamata naitrojeni, kinachobaki kinakwenda kwa mgonjwa. Silinda ziko mbili na zinapokezana kila baada ya sekunde kadhaa. Moja ikifanya kazi, nyingine inatema naitrojeni iliyoishika. Ule mlio wa "pshhh" unaosikika usiku wodini ndio huo.

Hewani kuna gesi ya tatu ambayo watu huisahau. Katika hewa kavu oksijeni ni asilimia 20.95, argoni ni asilimia 0.93. Zeolaiti inaichukulia argoni karibu sawa na oksijeni, kwa hiyo zote mbili zinapita. Hata mashine ikifaulu kuondoa naitrojeni yote, isibaki hata chembe, uwiano wa hizo mbili haubadiliki. Gawanya 20.95 kwa 21.88. Unapata asilimia 95.7.

Juu ya hapo hakuna njia. Ndiyo maana oksijeni ya mashine hizi huandikwa 93, kuongeza au kupunguza 3.

Kipima kikisoma 97.4 kwenye konsentreta, kimejishtaki chenyewe.

## Hewa ya Machi

Kipima oksijeni cha mkononi kwa kawaida kina kihisi cha kemikali ndani yake. Ni kama betri ndogo: madini ya risasi upande mmoja, maji ya kemikali kali katikati, na utando mwembamba unaopitisha oksijeni. Oksijeni ikipenya, umeme unazalishwa, milivolti chache tu. Na hapa pana jambo ambalo mafunzo mengi hulipita haraka: kihisi hakihesabu asilimia. Kinahisi mgandamizo wa oksijeni peke yake. Asilimia ni tafsiri, na tafsiri hiyo hufundishwa siku ya kalibresheni. Unakiacha kwenye hewa ya kawaida, unabonyeza kitufe, nacho kinaambiwa, "unachokihisi sasa hivi kiite 20.9."

Aliyeandika 20.9 kwenye kitabu alikuwa akifikiria hewa kavu.

Chukua wodi isiyo na kiyoyozi: nyuzi joto 30, unyevu asilimia 80. Kwenye nyuzi 30, hewa iliyoshiba maji hubeba mvuke wenye mgandamizo wa karibu milimita 32 za zebaki. Asilimia 80 yake ni kama 25. Hapa usawa wa bahari hewa yote kwa jumla ni 760. Basi sehemu 25 kati ya 760 ni mvuke wa maji, umekaa mahali ambapo gesi nyingine zingekaa. Oksijeni halisi ya wodi hiyo ni takribani asilimia 20.25.

Upungufu wa 0.65 unaonekana mdogo. Lakini kifaa kimefundishwa kuiita 20.25 kwa jina la 20.9, na kitalibeba kosa hilo kwa uwiano hadi juu kabisa. Kila kinachokiona kinazidishwa kwa 1.032. Gesi inayotoka kwenye konsentreta ni kavu, kwa sababu zeolaiti hunyonya na maji pia, kwa hiyo hakuna mvuke wa kuirudisha namba chini.

Rudi kwenye daftari la fundi. 97.4 gawanya kwa 1.032 ni 94.4. Mashine nzuri ya kawaida, haina muujiza wowote.

Na ile ya dirishani, 84.5?

81.9.

Alamu haikuwa imechoka.

## Asilimia 3 zina uzito gani?

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, na nisingependa kuruka.

Mtoto wa mwaka mmoja anayepewa lita 1 kwa dakika kupitia vibomba vya puani havuti oksijeni ya mashine peke yake. Anavuta na hewa ya wodini inayopita kandokando ya vibomba, na kinachofika mapafuni ni mchanganyiko. Ndani ya mchanganyiko huo, tofauti ya chanzo cha 90 na chanzo cha 93 inapotea. Zaidi ya hapo, muuguzi haangalii asilimia ya mashine. Anaangalia oksimita, kile kibano cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Ikishuka chini ya 90 anaongeza lita. Mfumo unajirekebisha wenyewe. Kwa wiki nzima nilijiambia kwamba nakuza jambo.

Kilichonirudisha ni ile ya dirishani.

Konsentreta iliyofika 82 haijatulia hapo. Iko njiani kushuka. Zeolaiti iliyokula unyevu haiponi kwa kupumzishwa, kwa sababu maji hung'ang'ania kwenye chembe zake kwa nguvu kuliko naitrojeni, na yakishaingia, nafasi ya kushika naitrojeni inapungua kila siku. Mashine iliyokaa stoo miezi bila kuwashwa, katika jiji kama letu, huanza kufa ikiwa imezimwa. Ongeza kichujio kilichoziba vumbi, ongeza kusukumwa hadi ukutani ikawa inavuta joto lake yenyewe badala ya kuachiwa nafasi ya sentimita 30 hivi, ongeza jua la dirishani. Leo 82, baada ya muda ni 75, na stika ya kijani bado iko pale ikimhakikishia kila anayepita. Siku mtoto atakapohitaji lita 5 kamili, mashine itakuwa haina cha kumpa, na muuguzi ataongeza mtiririko akidhani anaongeza oksijeni. Ukivuta lita nyingi kuliko uwezo wa mashine, asilimia inashuka zaidi.

Kwa hiyo asilimia 3 hazina uzito kwa mtoto wa leo. Zina uzito wa kuamua mashine ipi inaondolewa wodini.

Halafu nikaanza kuuliza swali jingine. Kosa hili limeelekea upande wa habari njema. Mengine je?

## Kidole

Oksimita hupenyeza mianga miwili kidoleni, mwekundu wa nanomita 660 na wa infraredi wa 940, kisha hulinganisha kiasi kilichonyonywa na damu inayodunda. Wazo hilo lilitoka kwa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974, na limeokoa watu wengi kuliko vifaa vingi vya gharama kubwa. Silidharau hata kidogo.

Lakini nayo ilifundishwa. Jedwali lililo ndani yake, linalogeuza uwiano wa mwanga kuwa asilimia, lilitokana na watu wa kujitolea walioshushwa oksijeni maabara huku damu yao ikipimwa, na kwa miaka mingi wengi wao walikuwa na ngozi nyeupe. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha oksimita na vipimo vya damu ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Kati ya wagonjwa weusi ambao oksimita iliwaonyesha wako kati ya 92 na 96, asilimia 11.7 walikuwa chini ya 88 kwa kipimo cha damu. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6.

Kule hao ni kundi moja kati ya wagonjwa wao. Hapa ni wodi nzima.

Na kosa, tena, linaelekea juu.

Sasa fikiria mama aliyeletwa alfajiri, amekutwa amelala chumba kimoja na jiko la mkaa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu. Kaboni monoksidi imeshika damu yake. Kwa ile mianga miwili, damu iliyoshikwa na gesi hiyo inafanana mno na damu yenye oksijeni. Oksimita inasoma 98 na mgonjwa anakufa kwa kukosa hewa. Hapo mkaa ndio unaotakiwa uulizwe kwanza. Namba haina la kusema.

Kuna makosa yanayoelekea chini pia. Kidole baridi, piko iliyokolea kwenye ukucha, mtoto anayetikisa mkono. Angalia lakini yanavyotendewa: oksimita ikisoma 79, kila mtu anakimbia. Wanabadilisha kidole, wanafuta ukucha, wanaita daktari. Namba mbaya hukaguliwa ndani ya dakika moja. Namba nzuri inaandikwa kwenye faili na kusahaulika.

## Kipovu, ufa, na 100 ya njiti

Damu ya ateri ndiyo tunayoiita hakimu. Hakimu naye ana njia zake za kudanganywa. Damu ya mgonjwa aliye na oksijeni ya milimita 55 ikiachwa na kipovu cha hewa ndani ya sindano, kipovu chenyewe kina oksijeni ya karibu 155. Zikikaa pamoja, hasa sindano ikitikiswa au kutumwa kwa mtu anayekimbia ngazi, oksijeni ya damu inapanda na hewa ya ukaa inashuka. Jibu linalorudi ni la mgonjwa mwenye nafuu. Toa kipovu mara moja, kabla ya kuchanganya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), ziba, pima ndani ya dakika 30. Mashine ya damu ikiwa jengo la pili na lifti haifanyi kazi, basi dakika hizo zipangwe kabla ya kuchoma sindano.

Kipimo cha hewa ya ukaa inayotoka mapafuni kina mtego wake. Mashine za kufyonza huvuta, tuseme, mililita 150 kwa dakika kupitia mrija mwembamba. Mrija ukiwa na ufa, au kiungio hakijakazwa, sehemu ya kinachofyonzwa inakuwa hewa ya chumba, ambayo haina hewa ya ukaa ya kuhesabika. Mililita 45 tu za hewa ya chumba kati ya 150, na mgonjwa mwenye hewa ya ukaa ya milimita 60 za zebaki anaonekana ana 42. Kiwango cha kawaida ni 35 hadi 45. Hakuna alamu itakayolia. Njia rahisi ya kukagua: ziba ncha ya mrija kwa kidole. Mashine isipolalamika kwamba njia imeziba, inapata hewa mahali pengine.

Na mtoto njiti. Huyu ndiye anayeniumiza zaidi, kwa sababu kwake namba nzuri kuliko zote ndiyo mbaya. Katika miaka ya 1940 na 1950 oksijeni ilimwagwa bila kipimo kwenye mashine za kulelea njiti, na watoto takribani 10,000 duniani wakapofuka kwa mishipa ya macho kuota ovyo. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, Shirika la Afya Duniani linaelekeza akipewa oksijeni asomwe kati ya 88 na 95, asipitishwe 95. Sababu ni kwamba damu ikishashiba, oksimita haina pa kupanda: 99 inaweza kuwa mgandamizo wa 100, inaweza kuwa 300. Kipima hakiwezi kutofautisha. Muuguzi mchovu akiona 100 anashukuru Mungu na kuhamia kitanda kingine.

Kudhibiti hapa maana yake ni kuchanganya. Kwa mashine ya mapovu, ile ambayo mrija wa kutolea hewa umezamishwa kwenye chupa ya maji na kina cha sentimita 5 ndicho shinikizo la 5, ukiunganisha oksijeni tupu unampa njiti karibu yote iliyomo. Ukichanganya lita 2 za konsentreta ya 93 na lita 6 za hewa iliyobanwa, unapata 2 mara 93, jumlisha 6 mara 21, gawanya kwa 8: asilimia 39. Konsentreta hiyo ikiwa imeshuka hadi 82, mchanganyiko ule ule ni 36. Tofauti hiyo oksimita na muuguzi wataimudu. Chupa ambayo maji yameongezwa bila kuangalia kina, hadi 5 imekuwa 9, hawataiona hadi pafu litoboke. Weka alama ya wino usiofutika kwenye chupa.

## Kopenhageni

Kuna habari ya zamani inayonirudia kila nikifikiria jambo hili. Mwaka 1952 polio ililipuka Kopenhageni, na katika hospitali ya Blegdam wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wanakufa kwa wingi. Maabara iliwapima damu na kukuta hewa ya ukaa kwa jumla iko juu. Madaktari wakaisoma namba hiyo kama dalili ya damu kuwa na alikali nyingi, jambo geni lisiloeleweka. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, akaiangalia namba ile ile akasema hapana: hawa hawapumui vya kutosha, hewa ya ukaa inajaa ndani, damu imekuwa tindikali. Tarehe 27 Agosti msichana wa miaka 12 alitobolewa koo na kubanwa hewa kwa mfuko, kwa mkono. Akanusurika. Miezi iliyofuata wanafunzi wa udaktari walikaa kwa zamu kando ya vitanda wakibana mifuko usiku na mchana.

Maabara haikukosea. Namba ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ilikosa mtu wa kuiuliza imetokana na nini.

## Kwenye utafiti, maji hayasameheki

Wodini kosa la mvuke linafichwa na mchanganyiko wa puani. Kwenye utafiti wa kupima mwili unatumia oksijeni kiasi gani, halina pa kujificha, kwa sababu jibu ni tofauti ya namba mbili zilizo karibu. Mtu anavuta hewa ya 20.93 na kutoa ya 16.5, zote zikihesabiwa kavu. Tofauti ni 4.43, na hiyo ndiyo kazi nzima.

Sasa pumzi imekusanywa kwenye mfuko, ukakaa chumba cha nyuzi 30, mvuke umeshiba. Ukiipima bila kuikausha, 16.5 inasomeka 15.8. Tofauti inakuwa 5.1. Umeongeza matumizi ya oksijeni kwa asilimia 16 bila mtu kusogeza hata mguu. Utaandika kwamba watoto wa Temeke wanaunguza nguvu nyingi kuliko wa kwingine, na utatafuta sababu kwenye chakula au malaria, kumbe ni maji.

Kausha gesi zote mbili au usikaushe hata moja na ufanye hesabu ya mvuke. Kukausha upande mmoja ndiko kunakoharibu. Na chembe za kukaushia zibadilishwe rangi ikigeuka, hata kama hazijaisha chupa nzima. Hapa zinashiba haraka kuliko kitabu kinavyosema.

## Mtungi nao aulizwe

Dawa ya kipima cha wodini inaonekana rahisi: usikifundishe kwa hewa, kifundishe kwa oksijeni kavu ya mtungi. Ni kweli, na ndivyo ningeshauri. Lakini kuna shimo njiani, na watu makini wametumbukia.

Oksijeni iliyotengenezwa kwa kugandisha hewa hadi kuwa kimiminika hufika asilimia 99.5. Mtungi uliojazwa kwenye mtambo wa hospitali wa kufua hewa tiba ni jambo jingine; mtambo huo ni konsentreta kubwa, na ndani ya mtungi mna 93 hivi. Kwa macho mitungi inafanana. Ukiiambia kipima "hii ni 100" huku ni 93, umeongeza kosa mara mbili ya lile la mwanzo: mashine ya 85 itasoma 91, na kila mtu atafurahi tena.

Namna ya kujikamata ni hii. Kalibrisha kwa mtungi, kisha kiache kipima kwenye hewa ya wodi na usibonyeze kitu. Kwa Machi ya Dar, bila kiyoyozi, kinapaswa kusoma 20.2 au 20.3. Kwenye ofisi yenye kiyoyozi, nyuzi 24 na unyevu asilimia 50, kisome 20.6. Kikisoma 21.8, mtungi wako si wa 99.5. Kikisuasua na kuchukua dakika nzima kutulia, kihisi kimezeeka. Risasi yake inaliwa kila inapokutana na oksijeni, na baada ya mwaka mmoja au miwili kinatakiwa kubadilishwa hata kama kinaonekana kizima. Usikitupe kwenye taka za kawaida.

Mengine ya mezani, kwa wanaofanya kazi hii kesho asubuhi. Iache konsentreta ifanye kazi angalau dakika 10 kabla ya kupima, na pima ikiwa kwenye mtiririko wake wa juu, maana kwenye lita 1 hata mashine mgonjwa hujikaza. Chomeka kipima kabla ya chupa ya maji ya kuitia gesi unyevu, kamwe si baada yake. Usizibe njia ya kutokea. Gesi ikibanwa kwenye kihisi, namba inapanda. Na kipima kilichokalibrishwa Dar kikipelekwa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, kitasoma hewa kuwa 17. Hakijaharibika. Kule hewa ni nyepesi, na kinatakiwa kifundishwe upya kikifika.

Daftari la wodi lina safu ya tarehe, namba ya mashine, asilimia, na jina la fundi. Ziongezwe tatu: joto, unyevu, na kilichotumika kukalibrisha. Kipima unyevu cha mezani ni kitu cha bei ndogo, cha kuning'iniza ukutani. Na kwenye kava la ndani pabandikwe karatasi yenye mistari miwili: konsentreta ikisoma zaidi ya 96, usibandike stika, kagua kipima. Alamu ya mashine ikibishana na kipima, amini alamu hadi uthibitishe.

Ile ya dirishani iondolewe leo.